Plaketi za nyuma: pistoni inazungushwa, haipigwi nyundo

Mu miji yetu ya mine, toka Lubumbashi mupaka Likasi na Kolwezi, siku ya kupumzika njo siku ya kutengeneza motokari. Mutu anatoka posti ya usiku, analala kidogo, kisha anavaa nguo ya zamani na kuinua motokari mu lupango. Mafuta ya motere anabadilisha yeye mwenyewe. Filtri, buji, plaketi za mbele, vilevile. Ile pistoni ya freni ya mbele anairudisha ndani na serejwe ya seremala, ile chuma ya kubania mbao, na kazi inakwisha mbele ya chakula cha saa sita.

Siku anafika ku mipira ya nyuma, mambo yanabadilika. Anabana serejwe, pistoni haiingii. Anaongeza nguvu, haiingii. Jirani anakuja kusaidia, analeta bomba ya chuma ya kurefusha mukono wa kle. "Kaza paka, itaingia tu!" Mwisho kitu kinalia ndani, pistoni inaingia nusu, watu wanafurahi. Kisha juma moja freni ya mukono haikamati tena, ao mupira mumoja unaanza kunuka moto.

Hadithi hiyo tunaisikia mara mingi kisha mikutano ya sendika, wakati ajenda imekwisha na wenzetu wanaanza kuongea mambo ya nyumba. Sisi si mekanisie wa motokari ndogo. Tuko wafanyakazi wa mine: wamoja ku atelie, wamoja ku mashini kubwa za karieri, wamoja mu kiwanda. Lakini kuko jambo moja tunalijua vizuri, na tunalipigania mbele ya wakubwa wa kazi: mufanyakazi asipewe kazi bila chombo chenye kufaa kwa hiyo kazi. Shefu akikwambia ufungue buloni kubwa na kle isiyo ya kipimo chake, unakatala, na delege anakuja kusimama pembeni yako. Sasa kwa nini ile tunakatala ku kazi tunaikubali mu lupango yetu, tena ku freni zinazobeba bibi na watoto?

Barabara yetu kila mumoja anaijua. Toka Lubumbashi mupaka Kolwezi ni kilomita kama 300, na katikati muko malori ya shaba na kobalti, malori ya asidi, motari wa taxi, mama mwenye mutoto ku mugongo. Ni kweli freni za mbele zinafanya sehemu kubwa ya kazi. Lakini mupira mumoja wa nyuma ukikamata na mwengine usikamate, motokari inaweza kuvuta pembeni wakati unakanyaga pedali kwa nguvu, na mbele yako kuko lori. Hapo hakuna wakati wa kujiuliza ni nani alileta nyundo.

KWANZA, JUA ILE IKO NYUMA

Kabla ya kununua chombo chochote, toa mupira mumoja wa nyuma, uangalie. Kuko namna ine.

Ya kwanza ni tamburi, ile chuma ya duara kama sufuria iliyogeuzwa. Motokari ndogo mingi za Japani, kama Toyota IST na Corolla mingi, ziko na tamburi ku nyuma. Ndani hamuna plaketi, muko garnitire. Kazi yake ni ingine na vyombo vyake ni vingine.

Ya pili ni diski yenye tamburi ndogo katikati. Njo ile ya Toyota Prado na ya Nissan X-Trail ya kwanza. Plaketi zinakamata diski wakati unakanyaga pedali. Freni ya mukono yenyewe inatumia garnitire ndogo zilizofichwa ndani ya diski. Hapo pistoni inasukumwa tu, sawa ya mbele. Serejwe yako inaweza hiyo kazi, hauna lazima ya kununua kitu.

Ya tatu ni diski ambayo freni yake ya mukono iko ndani ya etrie. Alama yake ni hii: kamba ya chuma ya freni ya mukono inakuja mupaka ku mugongo wa etrie na kuvuta kimukono kidogo chenye resori. Utaiona ku Volkswagen Golf mingi, ku Peugeot 307, ku Honda Accord, ku Mazda 3. Hiyo njo pistoni yenye kuhitaji kuzungushwa, na juu yake tunaandika leo.

Ya ine iko ku motokari za miaka ya karibuni: hakuna kamba, kuko motere ndogo ya umeme nyuma ya etrie, na freni ya mukono imekuwa kifungo cha kubonyeza. Hiyo usiiguse mbele freni haijawekwa mu hali ya matengenezo, na mara mingi lazima mashini yenye kuzungumza na kompyuta ya motokari. Kama hauna ile mashini, peleka ku fundi mwenye kuwa nayo.

Angalia na macho yako, usiamini paka jina la motokari. Modeli moja inaweza kutoka ku kiwanda na tamburi ao na diski, kufuatana na mwaka na inchi kulikouzishwa. Na motokari zetu za okazio zimepita mikono mingi mbele ya kufika Kasumbalesa.

NDANI YA PISTONI KUKO NINI

Freni ya mbele iko kama sindano ya munganga. Mafuta yanasukuma, pistoni inatoka. Ukibana pistoni, inarudi, na mafuta yanarudi mu kopo lake. Ni kazi moja tu.

Ile ya nyuma ya namna ya tatu iko na kazi mbili. Ukikanyaga pedali, mafuta yanaisukuma. Ukivuta freni ya mukono, kamba inavuta kimukono, na kimukono kinasukuma visi iliyo ndani ya pistoni. Sasa, plaketi zinaisha kidogo kidogo kila siku. Kama hakungekuwa kitu cha kufidia, kisha muda ungevuta freni ya mukono mupaka juu na motokari ingeendelea kutembea. Kwa hiyo watu wa kiwanda waliweka ndani visi na ekru yake: plaketi ikipungua, hiyo visi inajifungua kidogo, na pistoni inabaki karibu na plaketi. Inaenda upande wa mbele tu. Yenyewe hairudi nyuma.

Njo maana serejwe inashindwa. Unapobana pistoni, unapigana na meno ya visi, na visi haifungwi kwa kusukumwa, inafungwa kwa kuzungushwa. Ukiongeza bomba ya kurefusha mukono, nguvu yako yote inaenda ku vyuma vidogo vya ndani. Vikivunjika, hautaviona kutoka inje. Utaona paka matokeo: freni ya mukono haishiki ku mulima, ao pistoni inabaki imekwama, plaketi inasugua diski njia yote, diski inapata moto, esansi inaisha mbio. Hapo si plaketi tena utanunua, ni etrie nzima. Na kila mutu anajua bei ya etrie haifanani na bei ya plaketi.

VYOMBO VITATU MU SOKO

Cha kwanza ni pense yenye ncha ndefu. Watu wanaingiza ncha mu matundu ya pistoni na kuzungusha. Inazungusha kweli, lakini haisukumi, na pistoni mingi zinaomba vyote viwili pamoja. Zaidi ya hiyo, ncha ikiteleza inapasua ule mpira mudogo unaozuia vumbi kuingia. Mpira ule ukipasuka, maji ya mvua na vumbi la barabara vinaingia, na kisha muda pistoni inashika kutu.

Cha pili ni kile kipande cha chuma chenye pande sita kama dadu kubwa. Ku kila upande kuko meno ya kipimo tofauti, na upande mumoja kuko tundu la kuingiza kle ya klike. Ni bei ndogo na kinaingia mu mufuko. Lakini ni wewe mwenyewe unasukuma kwa nguvu ya kifua wakati unazungusha. Kama pistoni iko safi na laini, inawezekana. Kama iko ngumu, kitateleza.

Cha tatu ni kofre nzima, ile duka za vipuli zinaita kwa Kifaransa "repousse-piston". Ndani muko visi kubwa yenye mukono, sahani ya kuegemea ku etrie, na vipande vingi vya duara vyenye meno ya vipimo mbalimbali. Unachagua kipande chenye kuingia sawa mu matundu ya pistoni yako, unaegemeza sahani pale plaketi ilikuwa, unazungusha mukono. Chombo kinasukuma na kuzungusha kwa wakati mumoja, bila kuteleza. Sisi tunashauri hicho.

Mbele ya kulipa, fanya mambo matatu. La kwanza, hesabu matundu ya pistoni yako, mawili ao mane, na upime na rula nafasi iliyo katikati yao. Kama hauna rula nzuri, kandamiza karatasi ngumu juu ya pistoni mupaka alama zibaki, kisha peleka ile karatasi ku duka. La pili, angalia kama kofre iko na visi mbili: moja ya kuzungusha upande wa kuume, ingine ya upande wa kushoto. Motokari mingi zinafunga kuelekea kuume, kama unavyofunga buloni. Lakini kuko zingine ambazo etrie moja inafunga kuume na ya pili kushoto. Kofre yenye visi moja itakuacha katikati ya kazi. La tatu, angalia meno ya vile vipande. Chuma laini inapinda siku ya kwanza.

KAZI YENYEWE

Weka motokari pahali pa sawa na pagumu. Hapa kuko mutego: kwa kazi hii freni ya mukono lazima ifunguliwe, la sivyo pistoni hairudi. Maana yake motokari haina kitu cha kuishika. Weka mawe makubwa ao vipande vya mbao ku mipira ya mbele, mbele na nyuma yake. Legeza ekru za mupira kidogo ukingali chini, kisha inua na kriki, na uweke shandeli ya chuma. Ku kazi hakuna mutu anayekubali kuingia chini ya kitu kinachoning'inia. Matofali ya simenti hayako shandeli. Yanapasuka bila kupiga hodi.

Fanya upande mumoja kwanza, acha wa pili bila kuugusa, ili ukisahau kitu chochote kilikuwa namna gani, uende kuangalia huko. Fungua buloni za etrie, uiinue. Usiiache ining'inie ku tuyo ya mafuta; ifunge na waya ku resori ya motokari. Toa plaketi za zamani na uzilinganishe. Kama ya ndani imeisha na ya inje ingali nene, ao kinyume, kuko kitu kimekwama, mara mingi zile kolonete ambazo etrie inateleza juu yake. Zitoe, uzisafishe, upake grese yenye kufaa kwa freni. Ukiweka plaketi mupya juu ya kolonete zilizokwama, utarudi pale pale kisha miezi michache.

Angalia pia diski. Kipimo cha mwisho cha unene wake kimeandikwa mara mingi juu ya chuma yenyewe, ku ukingo ao katikati. Kama imekuwa nyembamba kuliko hicho kipimo, ao imepasuka, plaketi mupya hazitaisaidia.

Vumbi la freni usilipulize kwa kinywa wala na kompresa. Sisi watu wa mine tumezika wenzetu walioharibika mapafu juu ya vumbi, hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo mara ya pili. Plaketi zingine za zamani zilitengenezwa na amianti. Futa na kitambaa chenye maji, na uweke watoto mbali.

Sasa fungua kopo la mafuta ya freni mu motere. Pistoni ikirudi, mafuta yanapanda. Kama kopo liko limejaa, punguza kidogo na sindano safi, sababu mafuta hayo yakimwangika yanakula rangi ya motokari. Weka chombo, zungusha polepole. Kama unaona pistoni inatoka pahali pa kuingia, simama: unazungusha upande mubaya. Badilisha visi. Kama iko ngumu kabisa pande zote mbili, usitafute bomba ya kurefusha. Etrie imeshika kutu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Pistoni ikifika mwisho, usikimbilie kufunga. Ku motokari mingi za Japani, plaketi ya ndani iko na kidole kidogo cha chuma ku mugongo, na kidole hicho lazima kiingie mu mufereji wa pistoni. Zungusha pistoni kidogo mupaka mufereji ukae sawa. Kisichoingia, plaketi itakaa kombo na kuisha upande mumoja.

Fanya upande wa pili. Plaketi zinabadilishwa pande zote mbili pamoja, hata kama moja inaonekana ingali nzuri. Rudisha mipira, kaza ekru kwa kuvuka, moja huku, ingine ngambo yake. Kisha, na hapa tunaomba musome mara mbili: mbele ya kusogeza motokari hata metre moja, kanyaga pedali mara mingi mupaka iwe ngumu. Pistoni iko mbali na plaketi kwa wakati ule. Ukanyago wa kwanza unaenda mupaka chini bila kushika kitu. Wamoja wamegonga ukuta wa lupango yao wenyewe juu ya kusahau jambo hili. Kisha angalia mafuta mu kopo, vuta freni ya mukono mara kadhaa, na utembee polepole mu avenue, ukikanyaga kwa upole, mbele ya kuingia barabara kubwa.

KOFRE MOJA KWA WATU KUMI

Mwenzetu atasema: "Mushahara wenyewe haufiki mwisho wa mwezi, mie nitauza kofre ya kutumia mara moja kwa mwaka?" Ana haki. Chombo hiki mutu mumoja hakihitaji kila siku. Lakini watu kumi wa avenue moja, ao wa ekipi moja, wanakihitaji mara mingi. Likelemba tunazijua: kila mumoja anatoa kidogo, tunanunua kofre moja nzuri, si ile ya meno laini. Tunaiweka ku mutu mumoja mwaminifu, mwenye daftari. Anayechukua anaandika jina na tarehe; anayerudisha, wanahesabu vipande pamoja. Njo namna magazini ya vyombo inafanya ku mine, na huko hakuna anayekasirika akiombwa kutia sahihi.

Wengine wanauliza kama tunataka kuwanyima mekanisie wa barabarani mukate wao. Hapana. Wale pia ni wafanyakazi, tena wasio na kontra wala delege wa kuwasemea. Wengi wao wanatumia nyundo sababu hawana pesa ya kununua chombo, si sababu hawajui kazi. Kama hauna wakati wa kufanya mwenyewe, peleka motokari kwake pamoja na kofre ya kikundi. Mwambie kwa heshima: "Papa, chombo hiki hapa, tutumie hiki." Fundi wa kweli hatakasirika. Na kama unaenda ku garaji kubwa, uko na haki ya kuuliza watarudisha pistoni na nini, mbele ya kuacha ufunguo.

Mvua ikaribie kuanza, barabara itateleza. Juma hili, hata kama bado haujanunua kitu, toa mupira mumoja wa nyuma. Angalia kama ni tamburi ao diski, fuata kamba ya freni ya mukono uone inaishia wapi, na upime plaketi: ikibaki na milimetre mbili ao tatu za kitu cha kusugua, wakati umefika. Andika ku karatasi namna ya freni, hesabu ya matundu ya pistoni na nafasi katikati yao, na uje nayo ku mukutano. Wenye karatasi zinazofanana watanunua pamoja.